Walisema Naigiza: Maisha na Distonia ya Shingo

Kabla sijampata daktari aliyeutaja ugonjwa wangu kwa jina, watu walionizunguka walikuwa wamekwisha kutoa hukumu, na hawakuitoa bila hoja. Nikilala, shingo yangu inanyooka. Nikigusa shavu kwa vidole viwili, kichwa kinatulia. Nikiwa peke yangu uani nakuna nazi, hakigeuki sana. Nikisimama mbele ya darasa au mbele ya wakwe, kinavutwa kushoto mpaka kidevu kinakaribia bega. Ugonjwa gani huo, waliuliza, unaojua saa ya kulala, unaotii kidole, na unaochagua nani aushuhudie?

Wakati ule sikuwa na la kuwajibu. Leo ninalo. Kila moja ya hoja hizo ni dalili ya distonia, ugonjwa wa ubongo unaofanya misuli ikaze na kupinda kiungo bila mwenyewe kutaka. Kutulia usingizini, kutulia kwa kuguswa, kuzidi mtu anapotazamwa au anapofanya kazi fulani tu: daktari wa mishipa ya fahamu huyauliza hayo makusudi, kwa sababu ndiyo yanayomwelekeza. Yaleyale yaliyowafanya watu wasiniamini ndiyo yaliyomfanya daktari aniamini. Naandika kwa sababu najua wapo wengine, huku Tanga na kwingineko, ambao bado wanahukumiwa kwa ushahidi unaopaswa kuwatetea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ilianza nikiwa nimevuka miaka arobaini, umri ambao distonia ya shingo huanza kwa wengi, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Niliigundua kwenye kusahihisha madaftari. Ninainama juu ya daftari la hesabu, na kabla sijamaliza ukurasa macho yanakuwa hayaangalii tena namba bali mlango. Nikakirudisha kichwa, kikaenda tena. Nilidhani nimelala vibaya, kama mtu yeyote angedhani. Kisha yakaja maumivu ya shingo na bega, mazito, ya kunifanya nishindwe kujitwisha hata ndoo ndogo ya maji. Maumivu huwapata wengi wenye ugonjwa huu wa shingo, maana msuli unaokaza mchana kutwa huchoka kama mtu aliyebeba mzigo bila kupumzika.

Lililoniuma kuliko maumivu ni salamu. Kwetu salamu haitolewi nusunusu. Unamkabili mkubwa wako, unamwamkia, unasubiri aitikie. Siku moja baba mkwe alikuja kututembelea, nikamwamkia, na kichwa kikageuka ukutani katikati ya shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Akanyamaza kidogo. "Mbona unanipa kisogo?"

Nikamwambia shingo inaniuma. Lakini wakati wa chakula aliniona nimeshika mtandio shavuni, kichwa kimetulia, nazungumza na wifi zangu vizuri tu. Akamwita mume wangu pembeni. Kilichosemwa sikukisikia, ila nilikielewa.

Shuleni ilikuwa hivyohivyo. Mkuu wangu aliniuliza kwa upole kabisa, nami simlaumu, kwa nini ofisini niko sawa na darasani siko sawa. Alidhani nimechoka kufundisha. Wanafunzi nao walikuwa na maelezo yao: mwalimu anachungulia dirishani kuona kama mzazi fulani anakuja. Watoto wa darasa la tatu hawakuwa na ubaya wowote, na mmoja wao alihamisha dawati lake upande wa kushoto ili niweze kumwona.

Nilichuliwa kwa mafuta ya karafuu. Nilivaa kola ya shingo, na misuli ikapigana nayo mpaka ngozi ikachubuka. Nilisomewa, nikanywa kombe, na dua zile sitazibeza kamwe, kwa sababu zilinipa usingizi na watu wa kukaa nami. Hospitalini nilipigwa picha ya shingo, baadaye ya kichwa, na majibu yakarudi safi. Hapo ndipo hali ilipokuwa mbaya zaidi, maana majibu safi nayo yaligeuka ushahidi dhidi yangu. Ukweli ni kwamba kwenye distonia nyingi zinazoanzia ukubwani picha ya ubongo haionyeshi kitu. Ubongo hauna uvimbe wala jeraha la kuonekana. Kasoro iko kwenye namna unavyofanya kazi.

Daktari bingwa niliyempata baadaye alianza kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Aliniambia nifumbe macho na niache kupigana.

"Mwalimu, kiache kichwa kiende kinakotaka. Usikizuie."

Kwa muda mrefu kazi yangu yote ilikuwa kukizuia. Nilipokiachia kiligeuka kushoto, kikainama kidogo, kikabaki huko kinatikisika taratibu. Yeye akaweka vidole vyake upande wa kulia wa shingo yangu. Nilishangaa, kwa sababu kila aliyewahi kunichua alichua kushoto, kule kichwa kinakokwenda. Akauchukua mkono wangu akaniwekea pale: msuli unaotoka nyuma ya sikio la kulia mpaka kwenye mtulinga, umesimama kama kamba ya ndoo inayovutwa kisimani. Akanieleza kwamba msuli huo wa kulia ndio unaougeuza uso kwenda kushoto, ukisaidiana na mwingine ulioko kisogoni upande wa kushoto. Nilibaki nimeushika nikiusikia unakaza na kulegea bila ruhusa yangu.

Kisha akasema: "Sasa nionyeshe unavyokituliza."

Aliuliza bila shaka yoyote kwamba iko namna. Nikapandisha ncha ya mtandio, nikaigusisha kidogo tu kwenye taya, na kichwa kikarudi katikati. Sikukisukuma. Nguvu ya mguso ule isingeweza kufungua hata ukurasa wa daftari. Alitabasamu akaandika. Aliniambia wengi wenye distonia ya shingo huwa na mguso wao, na kila mmoja huugundua mwenyewe: mwingine kidevuni, mwingine nyuma ya kichwa, mwingine kwa kuegemea ukuta. Kuna ambao kichwa huanza kutulia kabla kidole hakijafika, na hata ambao kufikiria tu mguso huo huwasaidia. Inaonyesha kwamba tatizo liko pale ubongo unapounganisha habari za hisia na amri za mwendo, si kwenye nguvu ya msuli wenyewe.

Ukikunja mkono kuinua kikombe, msuli wa mbele unakaza na wa nyuma unalegea. Kule kulegea huamrishi wewe, ubongo unakupangia. Sehemu kubwa ya mpango huo hufanyika kwenye viini vilivyo chini ndani ya ubongo, vikishirikiana na ubongo mdogo wa kisogoni na tabaka la juu. Kazi yao ni kuchuja: huu ukaze, ule utulie. Kwenye distonia uchujaji una kasoro. Amri inavuja mpaka kwa misuli isiyohusika, na misuli inayopaswa kupokezana inakaza kwa pamoja. Kiungo kinapinda, kinajisokota, au kinatetemeka, na mwenyewe anaona kila kitu akiwa na akili zake timamu. Hapo ndipo distonia inapotofautiana na kifafa cha kupoteza fahamu. Mimi nilikuwa nasikia kila neno lililosemwa juu yangu.

Si shingo peke yake. Kuna distonia ya kope, ambapo macho ni mazima lakini yanajifumba kwa nguvu mpaka mtu anahitaji kuongozwa barabarani. Kuna ya taya na ulimi. Kuna ya nyuzi za sauti, mtu anaongea kama anayekabwa. Na kuna ile ya mkono wa kuandika, ambayo huwapata makarani, wanafunzi na walimu wenzangu: mkono unakunjana ukishika kalamu, lakini unafunga vifungo vya shati na kumenya vitunguu bila shida. Fikiria jinsi ilivyo rahisi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amechoka kazi.

Wanamuziki ndio walioilipia zaidi aina hii, kwa sababu huwapata kwenye kidole kilekile walichokifunza kwa miaka. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alikuwa kwenye kilele cha sifa mwaka 1964 pale kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja kiganjani. Kwa miaka mingi alipiga muziki ulioandikwa kwa mkono wa kushoto pekee, akafundisha, akaongoza okestra. Ilichukua miaka mingi kabla hajaelezwa kwamba ni distonia, na katika miaka ya 1990, kwa msaada wa sindano nitakazozieleza hapa chini, alirudi kupiga kwa mikono miwili. Alifariki mwaka 2020. Nikifikiria miaka yake ya kutojua kilichompata, na yeye alikuwa na madaktari wa kila aina karibu naye, nashindwa kumkasirikia mganga wa zahanati ya kijijini ambaye hajawahi kufundishwa ugonjwa huu.

Hata utabibu wenyewe ulichelewa. Mwaka 1911 Hermann Oppenheim, daktari wa Berlin, alieleza habari za watoto ambao miili yao ilikuwa ikijisokota, akaupa ugonjwa jina tunalolitumia mpaka leo, na akaushikilia kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Baada yake wagonjwa wengi bado walipelekwa kwa madaktari wa akili na kuambiwa kwamba mwili unasema huzuni ambazo mdomo haujasema. Katika miaka ya 1970 David Marsden, daktari wa mishipa ya fahamu huko London, alipigana kuurudisha ugonjwa huu kwa madaktari wa fani yake, na mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakaipata jeni ya aina moja inayoanzia utotoni, mara nyingi mguuni. Jeni hiyo ina tabia ambayo watu wa ukoo wanapaswa kuijua: kati ya watu kumi walioirithi, takriban watatu tu ndio huugua. Ndiyo maana huruka babu, huruka baba, humpata mjukuu, na wazee wanaanza kutafuta nani alimkosea nani.

Kuna aina moja ambayo kama ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa walimu wenzangu, ningeisema hiyo. Masaya Segawa, daktari wa watoto wa Japani, aliieleza katika miaka ya 1970. Mtoto anaamka anatembea vizuri. Kadiri siku inavyokwenda mguu unaanza kupinda, kisigino hakigusi chini, na ikifika jioni anaburuta au anashindwa kabisa. Akilala, asubuhi yuko sawa tena. Najua mtoto wa namna hiyo angeitwaje kwenye shule nyingi: mvivu, anayekimbia mstarini asubuhi na kulegea saa ya kufagia. Wengine huambiwa wana mtindio wa ubongo na kuachwa hivyo. Lakini watoto hawa ubongo wao unakosa dopamini ya kutosha, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, kwa sababu ya kasoro kwenye kuitengeneza, na levodopa, dawa ileile wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, kwa kiwango kidogo tu, huwafanya watembee na kuendelea kutembea kwa miaka. Madaktari wengi hushauri kila mtoto mwenye distonia isiyojulikana chanzo ajaribiwe dawa hiyo. Mzazi, kama mwanao asubuhi ni mmoja na jioni ni mwingine, mwambie daktari hivyo kwa maneno hayohayo.

Nyingine huletwa na dawa, na hii huchanganywa na mapepo kuliko zote. Kijana wa jirani yetu alianzishiwa haloperidoli kliniki ya afya ya akili. Siku chache tu zikapita, usiku mmoja tukasikia kelele. Shingo imevutwa nyuma, taya imepinda, ulimi umetoka, macho yameangalia juu hayashuki. "Amepandisha," mama yake alilia, na nyumba ikajaa watu, udi ukachomwa. Mimi nilichokiona ni misuli. Nikamshika mama mkono nikamwomba tubebe na vidonge vyake twende hospitali. Muuguzi wa zamu alipoviona tu hakuuliza zaidi. Kijana alichomwa sindano, na kabla hatujamaliza kuandikisha jina alikuwa anaomba maji kwa sauti yake ya kawaida.

Hali hiyo huitwa distonia ya ghafla ya dawa. Huletwa na dawa zinazozuia dopamini: haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili, lakini pia metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kama Plasil na tunainunua duka la dawa kwa ajili ya kutapika bila kufikiri mara mbili. Vijana na watoto ndio wanaoipata zaidi, na mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza metoklopramidi isitumike zaidi ya siku tano, na watoto chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa. Tiba yake ni sindano ya biperideni au dawa ya aina hiyo, na hospitali nyingi hutumia promethazini au diazepamu. Ni tiba ya hospitali, na haraka, kwa sababu ikishika koo mtu anaweza kukosa pumzi. Inaweza kufanana na pepopunda, kwa hiyo swali la kwanza liwe: ametumia dawa gani wiki hii? Na kijana yule hakuacha matibabu yake. Alirudi kliniki, wakambadilishia kiwango na kumwongezea Artane, vidonge vya kupunguza mkazo wa misuli, na anaendelea vizuri.

Siwezi kuacha kusema habari ya manjano ya watoto wachanga, kwa sababu hiyo ni distonia inayoweza kuzuiwa. Bilirubini, ile rangi ya njano inayoleta manjano, ikizidi mno kwenye damu ya mtoto wa siku chache huingia kwenye viini vilevile vya ndani ya ubongo na kuviharibu. Mtoto anaponea, lakini anakua na mwili unaojisokota na mara nyingi masikio yasiyosikia, huku akili yake inaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi manjano yakiwa makali. Mtoto aliyegeuka rangi ndani ya siku ya kwanza, au ambaye manjano yamefika mikononi na miguuni, au anayelala mno na hataki kunyonya, apelekwe apimwe damu na awekwe kwenye taa maalumu za bluu. Ni huduma ya siku chache inayookoa maisha mazima.

Tiba yangu mimi? Hakuna ya kuumaliza ugonjwa. Wachache hupata nafuu yenyewe, na mara nyingi hurudi. Artane ilinisaidia kidogo, lakini ilinikausha mdomo na kunisahaulisha majina ya wanafunzi, nikaipunguza kwa ushauri wa daktari. Kilichonisaidia hasa ni sindano za sumu ya botulinamu, zile watu wanazozijua kwa jina la Botox na kuzihusisha na kuondoa makunyanzi. Ni sumu inayotengenezwa na bakteria wa chakula kilichoharibika. Inazuia mshipa wa fahamu usitoe kemikali inayouambia msuli ukaze. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, ndiye aliyeigeuza kuwa dawa, akianza na makengeza. Marekani iliidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba mwaka 1989, na kwa shingo mwaka 2000. Kiasi kidogo mno huchomwa kwenye msuli husika, kwangu ule wa kulia na ule wa kisogoni. Baada ya siku kadhaa kamba inalegea. Hudumu kama miezi mitatu, kisha msuli unarudi na sindano inarudiwa. Wiki za mwanzo nilimeza ugali kwa shida kidogo, nayo ni athari inayojulikana.

Ni ghali, na wanaojua kuzichoma vizuri ni wachache na wako hospitali kubwa. Nasafiri, nakopa kwenye kikoba, narudi. Kwa walio na distonia nzito ya mwili mzima upo upasuaji wa kupandikiza waya ndani ya ubongo unaoendeshwa na betri chini ya ngozi ya kifua, lakini huo kwa wengi wetu bado uko mbali. Mtaalamu wa fiziotherapia amenifundisha mazoezi ya kugeuza kichwa kulia taratibu nikijitazama kwenye kioo, na nayafanya kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mume wangu hunishikia kioo. Yeye ndiye aliyekwenda kwa baba yake kueleza, na baba akaja, akakaa upande wangu wa kushoto, akanisalimia kabla sijamwamkia.

Watu hunitumia ujumbe kuuliza waanzie wapi. Usiende kliniki mikono mitupu, kwa sababu kichwa au mkono unaweza kuamua kutulia mbele ya daktari. Mpe mtu simu akurekodi: ukiandika, ukila, ukitembea, ukiwa umechoka jioni. Rekodi pia ule mguso wako unaotuliza, usiuonee aibu. Kama ni mkono, chukua video ya mkono ukishika kalamu, na nyingine ya mkono huohuo ukifunga vifungo. Beba pakiti za dawa zote ulizotumia, hata ya kutapika uliyonunua dukani, hata ile uliyopewa na jirani. Uliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuwa hivi, hata kama aliitwa jina jingine. Na ukiulizwa kama usingizini hali hiyo hutulia, sema ndiyo, bila hofu.